Kibao Kilichokataa Kuamka Kajiado

Njoki mwanangu,

Kabla sijasema lolote, nataka ujue taabu ninayopata. Kompyuta yako haitaki kunyamaza. Kila herufi ninayoigonga inaitamka kwa ile sauti yake ya mwanamume mwenye mafua, na nikimaliza neno inalirudia lote kwa Kizungu cha puani mpaka mimi mwenyewe silitambui. Nimebonyeza kila kitufe nilichowahi kukusikia ukibonyeza. Ilinyamaza mara moja, nikamshukuru Mungu, kumbe nilikuwa nimeifunga barua yenyewe. Kwa hiyo naandika hivi hivi, na kama jirani wa nyumba ya juu anasikia, basi asikie vizuri.

Umeenda kusukwa kwa ajili ya safari ya kesho. Msusi wako ni mwepesi wa mdomo kuliko wa vidole, kwa hiyo nina saa nne, labda tano. Ningeweza kukwambia haya ana kwa ana. Nilijaribu Jumatatu, nikajaribu Jumatano, nikajaribu tena jana jioni ukikunja nguo, na kila mara tumeishia palepale: mimi nataka kukufikisha Eldoret mpaka mlango wa chuo, wewe hutaki. Nikasema basi nitakaa nje ya geti tu. Ukanijibu, "Mama, wewe huwezi kaa nje ya kitu." Nilikasirika sana, kwa sababu ulisema kweli. Nikaenda kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Mambo ya blanketi, dawa ya kifua na kufua soksi sitayagusa. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu, na mengine wewe ndiye uliyenifundisha. Nataka kuzungumza juu ya siku ile ya Kajiado mwaka jana, siku ya usaili. Usikunje uso. Najua umeshaukunja.

Lakini nikianzia Kajiado nitajitetea, najijua. Wacha nianzie mbali kidogo.

Ulipotoka shule ya msingi nilidhani habari za breli zimekwisha. Nilikununulia simu inayoongea, nikaona nimemaliza kazi. Simu inakusomea ujumbe, inakusomea Biblia, inakusomea habari za dunia, sasa vidoti vya nini tena? Nilikuwa nakuona umekumbatia yale madaftari makubwa ya karatasi ngumu, vidole vinatembea, nikawa nakuonea huruma. Nilikwambia, "Njoki, unajichosha bure, hiyo kitu ni ya zamani." Ulikuwa na miaka kumi na nne. Ukasema bila hata kuinua kichwa, "Nikisikiliza, kila mtu anasikiliza na mimi. Nikisoma na vidole, hakuna mtu anasoma na mimi." Nilicheka. Neno hilo nikalipeleka kanisani nikalisimulia kama kichekesho cha mtoto. Sikuelewa kwamba ulikuwa unaniomba kitu.

Aliyeelewa ni Mwalimu Barasa. Yule mzee alikufundisha nukta ya kwanza mpaka ya sita, naye haoni tangu ujana wake. Alipostaafu alikuja hapa Kitengela na begi moja, akakuwekea mapajani kibao chake cha breli, kile chenye mstari mmoja wa vishimo ambamo vipini vidogo vinainuka na kushuka kufuata maandishi yaliyo kwenye kompyuta. Kilikuwa kimechakaa pembeni, kimepakwa rangi na jasho la mikono yake. Ulikishika kwa dakika nzima. Mimi nilikuwa namuuliza kama ana cha kipya zaidi. Ndiyo, nilimuuliza mtu aliyeleta zawadi kama ana nyingine.

Hakukasirika. Alitueleza sote wawili, polepole, namna kinavyofanya kazi, na ningekuwa mtu wa kusikiliza, nisingekuwa naandika barua hii.

"Mama Njoki," alisema, "siku hizi kompyuta inajitafutia yenyewe. Ukichomeka kibao cha kisasa, ile programu ya kusoma skrini inaangalia namba yake, inaiona kwa orodha, inajua itumie draiva gani."

"Draiva ni nini?" nikauliza.

"Ni kaprogramu kadogo kenye kanajua lugha ya hicho kibao. Kila kibao na lugha yake. Sasa hii yangu ni ya kitambo. Ndani iko na chip ya kawaida tu, ile ile iko kwa mizani, iko kwa printa, iko kwa kila kitu. Wenye programu wakakataa kuiweka kwa orodha ya kujitafutia. Walifanya vizuri. Wangeiweka, kompyuta ingeshika mizani ya mtu huko sokoni ikifikiri ni breli."

"Kwa hivyo hii haitajulikana?"

"Haitajulikana. Lazima iambiwe. Njoki ataingia kwa mipangilio achague jina la hii kibao na mkono yake mwenyewe. Mara moja tu, halafu itakumbuka. Lakini hapo pasiguzwe."

Ulifanya palepale. Ukabonyeza, ukashuka, ukachagua, vipini vikainuka vyote kwa pamoja, nikasikia ile sauti kama ya mchele ukimwagika. Ulicheka kwa namna ambayo sikuwa nimekusikia ukicheka tangu uanze sekondari. Mimi nikauliza Mwalimu kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Sasa tuje kwa mizani.

Unakumbuka kompyuta hii ilikuwa yako kwa jina tu. Usiku ni yako, mchana iko stoo na mimi. Baba yako anatuma vitunguu kutoka Kimana, vinashuka hapa alfajiri kwenye zile neti nyekundu, na mimi nikaamua kwamba mfanyabiashara wa kisasa hawezi kupima kwa mizani ya kuning'iniza. Nikanunua ile ya umeme, inayochomekwa kwenye kompyuta na kuandika uzito yenyewe. Nilijivuna nayo wiki mbili, kabla Mwalimu hajaleta kibao. Halafu ikaanza kiburi. Nikiwasha asubuhi, programu ya mizani inasema mlango wake umeshikwa na kitu kingine. Nazima, nawasha, umeshikwa. Lori la mawe linapita, vumbi linaingia, wateja wamesimama, umeshikwa tu.

Kumbe ni lile lile alilosema Mwalimu, ila limegeuzwa. Kwa kuwa kibao chako kilikuwa kimechaguliwa kwa jina, kompyuta ilipoamka ilikuwa inazunguka ikikitafuta. Wewe umekiacha nyumbani. Ikaona waya wa mizani una chip kama ya kibao, ikaushika, ikawa inaiongelesha mizani Kibreli. Mizani itajibu nini? Wote wawili wakakaa hapo wameshikana mashati, mimi na neti za vitunguu katikati.

Nilimpigia fundi aliyeniuzia mizani. Nilikuwa nimeshapandwa na hasira.

"Mama, kuna kitu imeshika hiyo port," akasema. "Hakuna programu ingine iko kwa hiyo machine?"

"Iko tu hii ya mtoto, ya kuongea."

"Ingia kwa settings zake, hapo kwa breli. Toa jina yenye iko hapo, weka automatic. Itaachilia."

Nikaingia. Nikakuta jina la kibao chako, nikalitoa, nikaweka automatiki, yaani ijitafutie yenyewe. Mizani ikawaka. Nilihisi kama injinia, Njoki. Niliita mwanamke wa duka la kando aje aone. Ilikuwa Alhamisi saa kumi jioni, na usaili wako ulikuwa Ijumaa asubuhi. Sikukwambia. Sikuficha wakati huo, ukweli ni kwamba haikunijia hata akilini kwamba kuna la kukwambia. Kwangu kompyuta ilikuwa imetengenezwa.

Basi tukaenda Kajiado. Hukutaka niingie ndani ya chumba. Nikaingia. Walikuwa watu saba wa kamati ya ufadhili kwenye ile meza, na Bi Naserian ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alitusalimia sote vizuri, akakueleza wewe, siyo mimi, kwamba nafasi ya kusomea sheria ni moja, na kwamba kule chuoni ni kusoma asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo wanataka kuona mwanafunzi akisoma ukurasa mwenyewe na kuujibia maswali. Ulikuwa na dakika kumi za kujiandaa. Ukachomeka kibao. Kikakaa kimya.

Tabia yangu unaijua. Niliruka kutoka kwenye kiti kabla kidole chako hakijafika kwenye kitufe cha pili.

"Ni waya," nikasema.

"Sio waya, mama. Wacha niangalie mipangilio."

"Nakwambia ni waya." Nikauchomoa. Nikauchomeka upande mwingine.

"Mama, niachie kompyuta."

"Tulia, watu wanangoja."

"Mama Njoki," akasema Bi Naserian, "hebu mpatie nafasi."

"Nafasi ya nini, na kitu imeharibika?"

Ulikuwa umeshajua. Sasa ninaelewa kwamba ulikuwa umeshajua tangu sekunde ya kwanza pa kuangalia ni wapi. Ulihitaji kubonyeza mara tatu, nne. Mimi nilikuwa nimeishika kompyuta kwa mikono miwili kama mtu anayenyang'anywa mkoba stendi. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, na katika kubonyeza nikaangukia ukurasa uliokuwa umeuacha wazi usiku wa kuamkia Alhamisi, na ile sauti ya mafua ikaanza kusoma mbele ya watu saba.

Sitayaandika yote iliyoyasoma. Lakini lazima niandike mistari ile miwili, kwa sababu kwa mwaka mzima nimejifanya sikuisikia. Ilisema: "Siogopi usaili. Naogopa mama atakuja."

Niliisikia, Njoki. Niliisikia vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Nikakohoa, nikasema kompyuta hizi za mitumba zina matatizo.

Dakika zikaisha. Mmoja wao akasema basi usome kwa sauti tu, kwa spika, kwa sababu hukuwa umebeba vya masikioni. Na wewe ungevibebea nini, ulikuwa umekuja kusoma. Ukasikiliza ukurasa pamoja nao. Kila ulipotaka kurudi nyuma walisikia umerudi. Kila uliporuka mstari walisikia umeruka. Ulijibu swali la kwanza, ukajibu nusu ya la pili, halafu sauti yako ikapungua, ukasema, "Inatosha, asanteni." Waliandika kwamba hujawa tayari.

Ningeishia hapo ningekuwa mama mwenye pupa tu, na wamejaa duniani. Lakini tulipofika nyumbani niliweka mkoba mezani nikakuuliza, "Uligusa nini?" Unakumbuka? Sikuuliza kilichotokea. Nilikuuliza uligusa nini. Ukasema, "Labda ni mimi, mama. Pole." Nami nikaipokea ile pole. Nikasema haya, wakati mwingine uwe makini. Jioni nikampigia Mwalimu Barasa nikamwambia kibao chake ni takataka, kimetuaibisha. Mzee wa watu akasema, "Pole sana, mama, hiyo ni kitu ya zamani." Kwa siku moja nilikuwa nimeombwa radhi na watu wawili wasio na kosa, nikalala vizuri.

Jumatatu nikafungua stoo, nikawasha mizani, ikawaka bila matata, na hapo ndipo iliponiingia akilini kwamba ni mkono wangu uliokinyamazisha kibao. Nilisimama na neti ya vitunguu mkononi. Nikaenda kwenye mipangilio kuhakikisha, nikakuta tayari umeshalirudisha jina la kibao. Sikujiuliza kama jina limerudi, mbona basi mizani imewaka. Baadaye nikaona: ulikuwa umekiandikia kila kifaa mlango wake, kibao huku, mizani kule, visigombane tena. Ulikuwa umetengeneza na ya kwangu pia. Mimi nikafikiria tu, afadhali, hajajua ni nani aliyebadilisha, amedhani ni yeye.

Ungekuwa umbali wa Loitokitok ningesema nilikosa nafasi ya kukwambia. Ulikuwa jikoni nilipofika, hatua tano kutoka mlangoni, unachambua maharagwe. Nilikuuliza kama umekula. Siku ya pili nikasema nitakwambia Jumapili baba akiwepo. Jumapili nikasema mbele ya baba haifai. Kufikia mwezi wa pili uongo ulikuwa umeshakaa nyumbani kama kiti, tunaupita tu. Nilishasema kanisani kwamba kifaa kilituangusha. Ningeanzia wapi kurudi kwa mtu mmoja mmoja?

Kama kuna kitu nilichojifunza juu yangu, ni hiki, na nakupa bila kukihubiri: mimi nikikosa huwa napata kazi nyingi ghafla. Mwaka huu wote nimekuwa na kazi nyingi sana. Nilipiga simu Kajiado kila Jumatatu. Niliwaambia wamkumbuke mtoto wangu, niliwaambia wana roho ngumu, nilimwambia karani mmoja kwamba na yeye atazaa siku moja. Barua ya kukubaliwa ilipofika nikajua ni simu zangu. Nilisimama kanisani siku ya shukrani, kipaza sauti mkononi, nikatoa ushuhuda wa dakika ishirini jinsi mama asiyechoka alivyofungua mlango uliokuwa umefungwa. Mchungaji alitazama saa mara mbili. Wewe ulikuwa kwenye benchi la mbele na ulipiga makofi.

Sasa jana.

Jana nilikwambia naenda Kimana kwa baba yako. Nilikudanganya, nilienda Kajiado. Nilikuwa nimeamua kwamba huwezi kwenda chuo na ile karatasi kwenye faili inayosema hukuwa tayari, wakati asiyekuwa tayari ni mimi. Nilitaka kumwambia Bi Naserian kwa mdomo wangu, halafu nije nikwambie wewe. Unaona nilivyopanga, mgeni kwanza, mwanangu baadaye. Hata kutubu najua kukosea.

Nilimkuta ofisini kwake.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu, kwa Kimaa changu kile kile kimoja ambacho nimekaa nacho miaka yote hii bila kukiongeza.

Nikakaa nikasema yote bila kupumua. Mizani, fundi, automatiki, waya, Mwalimu Barasa, yote. Nikamwambia, "Madam, mtoto hakuguza kitu. Ni mimi nilibadilisha. Naomba muandike hivyo."

Aliweka kalamu chini. Nilidhani atanifukuza.

"Mama Njoki," akasema, "kwani hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Msichana wako alikuja hapa. Wiki yenye ilifuata tu, Jumatano. Peke yake na fimbo yake na hiyo kompyuta. Akaniambia, 'Madam, kibao haijaharibika. Mipangilio ilikuwa imebadilishwa na sikupata nafasi ya kuirudisha. Niko naomba dakika kumi.' Nikamuuliza, nani alibadilisha? Akasema ni yeye."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia wewe hujawahi kupita soko la Kitengela peke yako.

"Alisoma hapo kwa hiyo meza," akasema. "Kimya. Mimi nilikuwa naangalia vidole tu. Akajibu maswali yote, akaniuliza na yeye moja yenye sikuwa na jibu. Hiyo nafasi alipewa siku hiyo. Barua ndiyo ilichelewa kutoka."

"Na simu zangu?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

Bi Naserian akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, hizo simu karibu zimharibie."

Nilitoka pale nikakaa kwenye kibanda cha chai mbele ya ofisi. Sikulia. Nilikuwa na hasira, Njoki, hasira kweli kweli, na mhudumu aliniletea chai nikamwambia haina sukari kabla sijaionja. Jumatano ile uliniambia unaenda mazoezi ya kwaya. Nilikuuliza mmeimba nini, ukaniimbia wimbo mzima huku umesimama na sahani mkononi! Ulitoka Kitengela, ukapita Isinya, ukashuka Kajiado, ukauliza njia watu usiowajua, ukapigania nafasi yako ukaipata, ukarudi, ukala ugali na mimi, na mimi nikakwambia uwe makini na vifaa.

Na ulijua. Kompyuta hii tunaigusa watu wawili tu. Jioni ile ile ulipoifungua ukakuta automatiki, ulijua ni mkono wa nani. Uliposema "labda ni mimi, mama, pole," ulikuwa bado hujaangalia. Hiyo naielewa. Lakini Jumatano ulikuwa umeangalia, ukasimama mbele ya mtu mkubwa kama Bi Naserian, ukasema ni wewe. Ulijitia doa kwa watu ambao neno lao ndilo lingekupa maisha au likunyime, ili mama yako asionekane mjinga. Ukaja ukakaa kwenye benchi la mbele ukanipigia makofi.

Nani alikuomba? Nani alikwambia mimi ni wa kubebwa hivyo? Halafu nakumbuka ni nani aliyekufundisha. Ni mimi niliyekuwa najibu watu wakikuuliza jina. Ni mimi niliyekuwa nakukatia nyama ukiwa na miaka kumi na mbili. Ulijifunza nyumbani kwangu kwamba ukimpenda mtu unamziba mdomo na kumfanyia. Ulinifanyia mimi lile lile nililokufanyia miaka yote, ila wewe ulifanya kimya na ukafanya vizuri zaidi, na ndiyo maana linauma.

Nakupenda. Linanikera kuliandika kwa sababu mashine hii imelitamka kama jina la dawa, lakini ndilo neno.

Kesho huko chuoni watakuweka kwenye kompyuta yao, siyo hii. Itakitafuta kibao chako na haitakiona, na kutakuwa na mtu mwema mwenye haraka, mtu kama mimi, atakayeruka kukushikia waya. Sitakwambia umfanye nini. Ulishafanya Kajiado bila ushauri wangu.

Nilikuwa nimeshakata tiketi yangu. Ndiyo, ya basi lako, kiti cha nyuma yako, nilikuwa nimepanga kujitokeza tukifika Nakuru uwe huna la kufanya. Asubuhi hii nimeirudisha. Yule wa tiketi aliniuliza kama nimeahirisha safari, nikamwambia safari haikuwa yangu.

Sasa nisikilize hili moja, halafu nitaacha, maana nasikia kicheko chako na cha msusi aliyekusindikiza, hapo nje ya mlango. Si uongo wako pekee utakaofutwa, na wangu pia. Bi Naserian ameandika kwenye faili mbele yangu, nami nimetia sahihi chini. Leo nimempigia Mwalimu Barasa, amesema alijua kibao chake ni kizima. Jumapili nitaomba kile kipaza sauti tena, na safari hii Mchungaji hatakuwa na haja ya kutazama saa.

Na wewe, mtu yeyote akikuuliza tena ni nani aliyebadilisha, usiniokoe. Mwambie ni mama.

Mama yako,
Kitengela